Mshono na Tundu: Michael Armitage Juu ya Lubugo

Wanafunzi ninaowafundisha uchoraji wa rangi za mafuta huuliza sana kuhusu brashi na rangi, na ni nadra kuuliza kuhusu kitambaa. Sishangai, kwa kuwa turubai la kawaida, liwe la pamba au la kitani, hukazwa kwenye fremu na kupakwa weupe wa awali kusudi lisahaulike. Kwa Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Kenya, mambo ni kinyume, na ndiyo sababu mimi huanza kumweleza kwa kitambaa chake kabla ya kugusa maisha yake.

Kitambaa hicho ni lubugo, ambacho Waganda hukitengeneza kwa gome la ndani la mti wa mutuba. Gome huchunwa msimu wa mvua, shina likafungwa majani ya migomba ili lipone na kuota gome jipya, kisha lile lililochunwa hupondwa kwa nyundo za mbao hadi lipanuke, lilainike na kupata rangi ya chungu kilichochomwa. Lubugo huvaliwa katika kutawazwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, na huzungushiwa maiti kabla ya kuzikwa, na mwaka 2005 UNESCO iliutambua ufundi huu kuwa urithi wa binadamu. Armitage alikutana nacho katika soko la vitu vya watalii jijini Nairobi: nguo ya maziko ikiuzwa kama kumbukumbu ya safari.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1984, mama yake akiwa Mkikuyu na baba yake Mwingereza wa Yorkshire. Alisoma London, kwanza katika chuo cha Slade, akamaliza mwaka 2007, kisha katika shule ya Royal Academy hadi 2010. Huko aliwasoma kwa makini mabwana wa uchoraji wa Ulaya, Titian, Goya na Manet, lakini jicho lake lilikuwa limeshaonja kazi za wachoraji wa Afrika Mashariki, Meek Gichugu na Jak Katarikawe, na ukizitazama picha zake kwa subira utawaona wote wakigombea nafasi.

Niliwahi kujaribu lubugo mwenyewe. Mara ya kwanza nilipaka rangi moja kwa moja, na mafuta yakasambaa pembeni ya kila mstari kama yanavyosambaa kwenye karatasi ya kufungia maandazi. Tena mafuta yasiyozuiliwa kwa gundi huozesha nyuzi taratibu. Hata baada ya kukipaka gundi, kitambaa kiliendelea kunikatalia. Palipo na kovu la tawi pana tundu, na palipochanika pameshonwa kwa uzi mnene. Brashi ikifika hapo huruka au hukwama, na mchoraji analazimika kuamua kama tundu litaangukia shavuni mwa mtu au mawinguni. Armitage huweka rangi nyembamba, huikwangua, hupaka tena, na maumbo yake yenye kingo zinazoyeyuka yanatokana kwa sehemu kubwa na ubishi huo. Mimi naona wanaouita mtindo huo wa ndoto wanasahau kwamba ndoto yenyewe ina mishono.

Anachokichora si ndoto hata kidogo. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwanamke kuvuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha matatu. Mwaka uliofuata Armitage alichora #mydressmychoice, ambamo mwanamke aliye uchi amelala akitupa mgongo, kwa mkao ule ule wa Venus mwenye kioo aliyechorwa na Velázquez, bwana wa zamani wa Hispania, isipokuwa juu yake imepangwa miguu ya wanaume waliomzunguka. Mtazamaji anavutwa na uzuri wa mwili na wa rangi, halafu anagundua kwamba mahali aliposimama ndipo duara la wale wanaume linapofungwa. Sijui picha nyingine ya miaka hii inayomtumia bwana wa zamani wa Ulaya kwa ukali kiasi hicho.

Mwaka 2017, wakati wa uchaguzi wa Kenya, alifuatana na wapigapicha wa televisheni hadi kwenye mkutano wa upinzani Uhuru Park, na kutokana na safari hiyo ukazaliwa mfululizo wa picha alioupeleka kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2019. Katika The Fourth Estate wafuasi wamejazana juu ya mti. Wanahistoria wa sanaa hukumbuka hapo mchoro wa Goya wa watu walioketi kwenye tawi, lakini aliyewahi kuhudhuria mkutano wa siasa kwetu hahitaji Goya: miti hupandwa ili mtu amwone mheshimiwa. Picha inasimama kwa sababu mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja. Baadaye, katika Curfew (Likoni March 27 2020) ya mwaka 2022, aligeukia kivuko cha Likoni, Mombasa, ambako polisi waliwapiga abiria waliokuwa wakiwahi kuvuka siku ya kwanza ya kafyu.

Kuhusu fedha nitasema machache. Novemba 2019 The Conservationists iliuzwa kwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 1.5, ingawa makadirio yalikuwa chini ya dola 100,000. Wanafunzi husisimka wakisikia, nami huwakumbusha kwamba bei ya mnada humwendea mwenye picha, si aliyeichora.

Linalonigusa zaidi ni namna anavyowataja waliomtangulia. Maonyesho yake ya Royal Academy ya mwaka 2021 yalikuwa na chumba cha kazi za Theresa Musoke, Elimo Njau, Asaph Ng'ethe Macua, Katarikawe, Gichugu na Sane Wadu, kando ya picha zake. Mwaka 2020 alianzisha Nairobi Contemporary Art Institute, na ukumbi wake ulipofunguliwa mwaka 2022, kuta za kwanza alipewa Sane Wadu, yule mwalimu aliyeacha kazi ili achore, watu wakamwita mwendawazimu, naye akajibatiza jina lenye maana ya mwenye akili timamu.