Nyati hapandi lori

Juzi tena. Nimetumiwa picha ya ng'ombe udenda unaning'inia mpaka chini, ulimi umechubuka, mguu mmoja kaunyanyua, na chini yake maneno machache tu: "Daktari, nyati wametumaliza." Hakuuliza ni ugonjwa gani wala umeingiaje, hukumu ilishatoka. Ningekuwa naisikia kwa wafugaji peke yao nisingeandika, lakini naisikia kwenye vikao vya wilaya, naisikia kwa maafisa mifugo, naisikia kwa vijana waliotoka chuo juzi tu, kwamba ugonjwa wowote karibu na hifadhi umetoka kwa wanyamapori. Kazi yangu ni kukaa na ramani na sampuli na kukadiria ugonjwa utapita wapi, kwahiyo ngoja niliseme hili lote mara moja.

Tuanze na huo wa kwenye picha, miguu na midomo, Wamaasai wanauita oloirobi. Kirusi chake kina aina saba, na ng'ombe aliyepona aina moja hana kinga ya nyingine. Huku kwetu Tanzania zinazozunguka ni O, A, SAT 1 na SAT 2 (hayo ni majina tu ya aina, SAT ni kifupi cha South African Territories). Nyati ndo mtunzaji wa hizi SAT, hilo halina ubishi, anaweza kukaa na kirusi kooni miaka 5 bila kuumwa chochote. Lakini O na A siyo mali ya nyati, hizo ni za ng'ombe. Sasa wewe unayemtaja nyati kabla sampuli haijafika maabara, umejuaje ni aina gani? Kwa macho huwezi kujua, mimi mwenyewe siwezi na sijaona anayeweza.

Mwaka 2018 ulitoka utafiti uliofanyika hukuhuku kaskazini mwa Tanzania, na walichokiona ni kwamba ugonjwa kwa ng'ombe unakuja kwa mawimbi, aina moja inatawala inapita polepole eneo zima, inaisha, inafuata nyingine. Ingekuwa ni nyati anayemwaga ugonjwa tungeona SAT zinachipuka pembezoni mwa hifadhi kila mara na mbali na hifadhi kuko salama. Haiko hivyo. Kilichobeba uzito ni mambo ya ng'ombe na ng'ombe. Najua mtu atanitajia Afrika Kusini, hifadhi ya Kruger, kule nyati kweli anaambukiza ng'ombe na ndo maana wameweka uzio. Sawa kabisa, lakini kule wamehangaika miaka mingi kuusafisha ugonjwa kwenye ng'ombe wao, kwahiyo kwa miaka mingi kilichobaki kama chanzo kilikuwa nyati. Huku kwetu ng'ombe wenyewe wanapeana kila siku, alafu tunachukua jibu la Kruger tunalibandika Loliondo.

Alafu kuna hili la kingamwili, hapa uvumilivu wangu huwa unaisha. Mtu anapima nyati, anakuta karibu wote wana kingamwili, anaandika ripoti kwamba nyati ni hatari kubwa kwa mifugo. Ndugu yangu, kingamwili inakwambia huyu mnyama aliwahi kukutana na kirusi. Basi. Haikwambii alikutana nacho lini, haikwambii kama leo anacho, na hata akiwa nacho kooni haikwambii kama anakitoa cha kutosha kumwambukiza mwingine, na zaidi ya yote haikwambii nani alimpa nani, kwa sababu ng'ombe akimwambukiza nyati utapata kingamwili zilezile kabisa. Kwa nyati ukitaka kuogopa, ogopa ndama wao, wale ambao kinga ya maziwa ya mama imeisha ndo wanapata maambukizi kwa mara ya kwanza, hao kwa siku chache wanatoa virusi vingi. Yaani hatari ina umri na ina msimu, halafu ripoti inasema "nyati" kama vile ni kitu kimoja kinachofanana mwaka mzima.

Tunavyokadiria ni hivi. Unaifuata njia hatua kwa hatua: mnyama awe na maambukizi, awe anatoa virusi leo, akutane na ng'ombe au aache kitu ambacho ng'ombe atakifikia kabla jua halijakiua, na huyo ng'ombe asiwe na kinga. Unazidisha. Tuseme kwa mfano tu kila hatua ni moja kwa kumi, hatua nne zinakupa moja kwa elfu kumi. Hapo wenye semina wanafunga kitabu, hatari ni ndogo. Ndogo kwa nani, kwa siku ngapi? Hiyo ni ya ng'ombe mmoja kwa siku moja. Weka boma la ng'ombe 300 wanaochunga pale kila siku, inakuwa 3 kwa 100 kila siku, yaani kama mara moja kwa mwezi. Ndo maana sikubali mtu aniambie "hatari ndogo" bila kusema ni kwa kichwa, kwa kundi, kwa siku au kwa mwaka, na simsamehi hata akiwa upande wangu wa kumtetea nyati.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa mnada. Mamia ya ng'ombe kutoka wilaya tofauti wamebanana pua kwa pua tangu asubuhi, wengine ugonjwa bado unaatamia hawana hata dalili, jioni wanapanda malori wanatawanyika, wengine mnada wa Pugu Dar es Salaam, wengine kwenye boma la mtu aliyenunua mtamba mmoja tu. Hatua zote nne zimetimia ndani ya saa tano. Nyati hapandi lori. Hanunuliwi Jumamosi akalala wilaya nyingine Jumapili. Na karantini ikitangazwa watu wanapita usiku, siyo kwa ubaya, ada ya shule haisubiri karantini, na hilo nalo lazima liingie kwenye makadirio, ukikadiria kama vile kila mtu atatii umejidanganya kuanzia karatasi ya kwanza.

Ila nisieleweke vibaya, mnyamapori naye anaambukiza. Mfano uko palepale, nyumbu. Nyumbu wanazaa kwa wingi kama Februari na Machi kwenye tambarare za majani mafupi, na ndama wao wa miezi mitatu ya mwanzo wanatoa kirusi kingine kabisa kwenye machozi na kamasi, siyo cha miguu na midomo, ugonjwa wake kwa Kiingereza unaitwa malignant catarrhal fever. Nyumbu haugui. Ng'ombe akikipata homa inapanda, macho yanakuwa meupe, na akishaonyesha dalili mara nyingi hana maisha. Lakini ng'ombe huyo hamwambukizi ng'ombe mwenzake, ugonjwa unaishia kwake, kwahiyo hapa njia ni moja tu na unajua pa kuikata. Wazee wa Kimaasai waliikata zamani sana, msimu wa nyumbu kuzaa wanapandisha ng'ombe milimani. Wao wanasema ubaya uko kwenye kondo la nyuma, maabara inasema ni ndama, lakini muda ni uleule na ushauri ni uleule. Tena wanailipia, maana yale majani mafupi wanayoyakimbia ndo yenye madini mazuri kwa ng'ombe anayenyonyesha. Mimi hiyo naiita tathmini ya hatari iliyokamilika, ina chanzo, ina njia, ina msimu, ina gharama, na anayeilipa gharama ndiye aliyeamua.

Na hao nyumbu kwanini wamekuwa wengi hivi? Sotoka, ile tauni ya ng'ombe. Sotoka iliingia Afrika Mashariki miaka ya 1880 mwishoni kupitia Eritrea, ikaletwa na ng'ombe waliosafirishwa na jeshi la Italia, ikafagia ng'ombe, nyati na nyumbu pamoja. Kwa miaka mingi watu walisema wanyamapori ndo ghala la sotoka, haitaisha wakiwepo. Ikaja chanjo ya daktari wa mifugo Walter Plowright kule Muguga, Kenya, wakachanja ng'ombe. Ng'ombe tu, hakuna aliyemkimbiza nyumbu na sindano. Sotoka ikapotea kwa nyumbu wa Serengeti, na nyumbu wakapanda kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 mpaka zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2011 dunia ikatangaza sotoka imekwisha. Kumbe kwa ugonjwa ule ng'ombe ndo alikuwa anampa nyumbu. Halafu nyumbu wakiongezeka na eneo la kuwakwepa linaongezeka, mfugaji yuleyule aliyechanja ng'ombe wake ndiye anayefukuzwa kwenye majani kila Februari. Hii sijawahi kuiona kwenye ripoti yoyote niliyopewa nisaini.

Watu wa uhifadhi nao wana wimbo wao, mbwa wa kijijini waliua simba. Mwaka 1994 karibu theluthi ya simba wa Serengeti walikufa kwa distempa, ugonjwa wa kirusi unaojulikana zaidi kwa mbwa, na mbwa wakabeba lawama yote. Lakini kirusi kiliwahi kupita kwa simba huko nyuma bila kuua hivyo. Mwaka ule ulitanguliwa na ukame, nyati walidhoofika, wakajaa kupe, simba wakawala, wakapata na vijidudu vya damu juu ya distempa. Na mbwa walipoanza kuchanjwa, kirusi hakikuisha kwa simba. Kwahiyo hata mimi nikiulizwa kuchanja mbwa wote kutaokoa simba kwa kiasi gani, siwezi kutoa namba nikalala usingizi.

Na namba zenyewe, niseme wazi. Nyingi tunazoweka kwenye zile hatua ni makisio ya watu sita au saba waliokaa mezani, mimi nikiwemo, na nimeona namba yangu niliyoitoa kwa wasiwasi ikirudi baada ya miaka miwili kwenye jedwali la mtu mwingine ikiwa imenyooka haina wasiwasi wowote. Ukipima wanyama 30 wote wakawa safi, bado inawezekana ugonjwa uko kwa mmoja katika kila kumi. Wanyama 30 wa porini ni gari, dawa ya usingizi, daktari na wiki nzima, kwahiyo mara nyingi tunaishia hapohapo na mtu anaandika "haupo".

Yule wa picha nilimpigia. Nikamuuliza, mzee wangu, wiki mbili hizi nani kaingia bomani kwako? Akasema hakuna. Nikauliza tena, hata mnyama mmoja? Akanyamaza kidogo, akasema mitamba miwili ya mnadani, siku tisa zilizopita, lakini hiyo iko salama kabisa, inakula vizuri. Nyati je, umewaona? Wanakunywa lamboni usiku, nyayo zipo kila asubuhi. Nimemwambia asitoe mnyama yeyote nje ya boma, na ng'ombe wasishuke lamboni, wateke maji. Sampuli ya malengelenge imeondoka jana. Ikija O au A nyati nitamwondoa, ikija SAT nitarudi na maswali mengine, maana hata hizo SAT ng'ombe wanapeana wenyewe.