Usije kutoa damu ili upimwe

Gari la matangazo limepita tena mtaani kwetu: "Njooni mchangie damu, mpime afya zenu bureee!" Mimi kazi yangu ni damu, na nilitamani kumnyang'anya yule kijana kipaza sauti. Tangazo la namna hiyo najua litatuletea nani kesho yake kwenye hema. Litatuletea wenye wasiwasi, na mwenye wasiwasi wa wiki iliyopita ndiye hasa nisiyemtaka kitandani.

Nimalize kwanza yale mepesi. Uwe na miaka 18 hadi 65, kilo 50 kwenda juu, umelala, umekula, umekunywa maji ya kutosha. Tunakupima uzito, presha na wingi wa damu. Sindano ni nene kuliko ya chanjo, sikufichi. Inauma ikiingia, halafu unaizoea. Mfuko wa mililita 450 unajaa kwa dakika 5 hadi 10. Maji ya damu yanarudi ndani ya siku moja au mbili, chembechembe nyekundu zinachukua wiki kadhaa, madini ya chuma ndiyo yanayochelewa, na ndiyo maana mwanaume anasubiri miezi 3 na mwanamke miezi 4. Hutanenepa. Damu haitajaa mwilini ikaanza kukudai uje uipunguze. Hilo nalo nimechoka kulijibu.

Kipimo cha wingi wa damu kina kisa chake. Kambi nyingi bado zinatumia maji ya bluu ya kopa salfeti. Tunakutoboa kidole, tunadondosha tone. Tone likigusa maji linajikusanya kama shanga, linasita kidogo, halafu linazama au linaelea. Likizama ndani ya sekunde 15, una walau gramu 12.5 za himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, kwa kila desilita, na unaendelea. Likielea, leo hatuchukui. Nimeona dada mzima wa afya yake anaondoka analia kwamba damu yake "imeelea", amekwisha jihukumu kwamba ana ugonjwa mkubwa. Ukweli ni kwamba maji yale hayatoi namba, yanasema ndiyo au hapana tu, na wapo wanawake yanaowakataa ambao mashine ingewapitisha. Likielea, nenda kituo cha afya ukapimwe upate namba kamili. Wakati mwingine ni chuma kidogo tu kimepungua.

Sasa turudi kwenye gari.

Ni kweli tunapima. Kila chupa inapimwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, na ikikutwa na kimojawapo haitoki kwenda kwa mgonjwa. Watu wakisikia hivyo wanajipa ruhusa: basi kuna haja gani ya kujibu kwa ukweli yale maswali ya dodoso tunalokupa kabla ya kutoa damu, si maabara itanikamata? Hapo presha inayopanda ni yangu.

Mtu akiambukizwa leo, kirusi hakijitangazi kesho asubuhi. Kuna kipindi dirisha, ambacho kirusi kimo, kinazaliana, kinaweza kumwambukiza mwingine, lakini kipimo bado hakikioni. Kwa VVU ni suala la wiki kadhaa, kutegemea kipimo. Homa ya ini B inaweza kuvuka mwezi. Jibu la hasi likitoka katika siku hizo, mashine haikukosea, ilisoma kilichokuwa kinasomeka. Na nani anakimbilia kupima? Ni yule aliyepatwa na jambo Jumamosi iliyopita, kondomu ikapasuka au haikuwapo kabisa, na usingizi hauji. Yaani anayetafuta kupimwa kwa haraka ndiye aliye katikati ya dirisha. Tukimpima tutampa faraja ya uongo, na chupa yake tutaiita salama.

Chupa hiyo haikai kabatini kama kumbukumbu. Inakwenda kwa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua, kwa mtoto mwenye malaria kali, kwa mgonjwa wa selimundu, kwa kijana wa bodaboda. Ikitenganishwa, chembechembe nyekundu zinakwenda kwa mmoja, plazma, yaani yale maji ya damu, kwa mwingine, chembe sahani zinazogandisha damu kwa wa tatu. Na anayewekewa damu yenye VVU ni nadra mno kunusurika na maambukizi, kwa sababu anaingiziwa mfuko mzima mshipani.

Kwa hiyo lile dodoso unalolijaza huku ukichati na simu ndicho kipimo pekee chenye uwezo wa kuona ndani ya dirisha. Una mpenzi mpya? Zaidi ya mmoja? Umechanjwa chale au kuchorwa tatuu karibuni? Umewahi kuugua homa ya ini, au macho kugeuka ya manjano? Unatumia dawa gani? Hatukuulizi ili tukuhubirie. Hofu ya VVU ikikubana, nenda kituo cha afya cha serikali, kipimo ni bure, utaongea na mshauri mlango umefungwa, na ataelekeza urudi lini kupima tena. Kama jambo lenyewe halijatimiza saa 72, kimbia leo leo, zipo dawa za kuzuia maambukizi, ila hazisubiri. Hema la damu haligawi dawa hizo.

Nikiri na upande wetu. Tunadai ukweli mahali ambapo ni vigumu kuusema. Meza ya maswali iko hatua mbili kutoka kwenye foleni, nyuma yako amekaa mwanafunzi mwenzako au shemeji yako. Tangu Mpango wa Taifa wa Damu Salama uanzishwe hapa Tanzania mwaka 2004 tunahimiza wachangiaji wa hiari, lakini bado ndugu wa mgonjwa wanaombwa wafidie. Basi analetwa bwana mdogo na baba mkwe wake na wajomba wawili, mke yuko wodini. Atasemaje mbele yao kwamba hafai? Hawezi. Mimi huwa naongea naye peke yake, na akinipa ishara tu, natoka nawatangazia wazee, "Shikamooni wazee wangu, kijana presha yake leo imegoma." Sijui wakubwa wa maadili wangesema nini kuhusu uongo huo. Mimi nalala nao vizuri.

Na kama umekwisha kutoa ukakumbuka kitu njiani, piga simu, taja namba ya mfuko, sema tu "msiitumie". Hakuna atakayekugombeza.

Kuzimia: hutokea, zaidi kwa wanaotoa damu mara ya kwanza na vijana. Mara nyingi si kwa kuishiwa damu. Ni mwili kushtuka, mapigo yanapungua na presha inashuka ghafla. Kunywa kama nusu lita ya maji kabla, na ukiwa kitandani kaza mapaja, achia, kaza tena. Ukiona giza au jasho la baridi, sema mapema, usijikaze kiume. Soda na biskuti hazirudishi damu. Tukisema kweli, kazi kubwa ya soda ile ni kukuweka kwenye kiti dakika 15 tukuangalie, usije ukaangukia barabarani.

Majibu huchukua siku, na wengi hawarudi kuyafuata. Ukipigiwa simu uje, njoo. Kipimo cha kuchuja damu kimewekwa kiwe na shaka kupita kiasi, kwa hiyo chupa inaweza kutupwa wakati mwenyewe ni mzima, lakini hilo huwezi kulijua mpaka upime upya.

Siku ile usibebe ndoo kwa mkono uliotobolewa, usipande juu ya paa kupiga bati, na dereva pumzika kwanza kabla ya kushika usukani. Na jamani, njoo na mikono mifupi. Dada ukija na baibui ya mkono mwembamba unaobana hadi kifundoni, tutahangaika sote wawili.