Si kila methodi ya klasi mama iachwe wazi

Waandishi wengi wa programu huamini kwamba klasi mama ya violezo, yaani klasi inayorithiwa na nyingine ili kujenga kurasa kutoka mifano iliyoandaliwa, huwa rahisi kutumia pale kila methodi yake (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi) inapoweza kuandikwa upya na klasi mtoto. Sivyo. Anayeandika upya methodi kubwa hubeba kazi yake yote, hata ile asiyoijua.

Tazama TemplateView, klasi ya kuonyesha ukurasa kutoka kiolezo, ya Django, fremuweki (msingi wa kujengea tovuti) ya Python iliyoleta klasi za namna hii katika toleo la 1.3, mwaka 2011. Methodi yake ya get ni fupi mno: huita get_context_data ikusanye data, kisha render_to_response itengeneze jibu. Mpangilio hubaki kwa mama. Klasi mtoto, inayoirithi, hubadilisha kipande kimoja tu. Ukitaka jina la duka litokee kwenye ukurasa, andika upya get_context_data, lakini anza kwa kuita super(), yaani methodi ileile ya mama, la sivyo data ya mama itapotea kimyakimya. Hapo wengi hukwama, na kwangu huo ni udhaifu wa kweli wa muundo huu.

Ninachokipenda zaidi ni get_template_names, methodi inayotoa jina la kiolezo: usipotaja kiolezo, haibahatishi, hutoa kosa la ImproperlyConfigured (mipangilio isiyo sahihi) papo hapo.