Kihisi cha kielektrokemia ndani ya mashine ya damu: maana yake na kazi yake

Kihisi cha kielektrokemia ni sehemu ndogo inayogeuza kiasi cha kitu kilichomo kwenye damu, iwe sukari, potasiamu, laktati au asidi, kuwa umeme unaopimika. Kukiunganisha na mashine ni kazi nyingine: kuhakikisha damu inatoka kidoleni, inakifikia kihisi kwa kiasi sahihi, na jibu linasomeka kwenye skrini bila mtu wa maabara kushika kemikali yoyote. Kazi hii ya pili ndiyo ngumu. Elektrodi (kipande kinachopitisha umeme) yenye enzaimu ya sukari, yaani protini inayochochea badiliko la kemikali, ilielezwa na watafiti wa Marekani Leland Clark na Champ Lyons tangu mwaka 1962, lakini mita ya kupimia sukari ya kubeba mfukoni ilichukua miaka mingine zaidi ya 20 kuingia sokoni.

Chukua stripu ya sukari, kijiti bapa kinachochomekwa kwenye mita, zile zinazouzwa kwenye kopo katika duka lolote kubwa la dawa Kampala. Kwenye ncha kuna mfereji mwembamba unaovuta damu wenyewe, na stripu nyingi za sasa hushiba kwa chini ya mikrolita 1. Chini ya mfereji kuna mistari ya kaboni iliyochapishwa, ambayo ndiyo elektrodi, na juu yake kemikali iliyokaushwa. Damu ikiilowesha, enzaimu inanyang'anya sukari elektroni zake, kemikali nyingine inazichukua na kuzifikisha kwenye kaboni. Mita inaweka volteji ndogo, chini ya voti 1, na kupima mkondo unaopita. Sukari ikizidi, mkondo unazidi. Mita yenyewe haijui sukari. Inajua mkondo huo mdogo tu, kisha inautafsiri kwa hesabu iliyowekwa kiwandani.

Hesabu hiyo ina dhana ndani yake, na hapa ndipo sisi wa Uganda tunapaswa kusikiliza. Inachukulia kwamba chembe nyekundu za damu zako ni za kiasi cha kawaida. Chembe hizo huzuia sukari kufika kwenye elektrodi, hivyo zikipungua, mkondo unapanda na mita inaonyesha sukari nyingi kuliko iliyopo. Sasa fikiria wadi ya watoto Soroti au Mbale msimu wa malaria. Malaria kali inamaliza damu ya mtoto na wakati huohuo inashusha sukari yake. Mstari wa hatari wa sukari kushuka ni 2.2 mmol/L (milimoli kwa lita, kipimo cha wingi wa kitu kwenye damu). Mtoto aliye chini ya mstari huo, mwenye upungufu mkubwa wa damu, anaweza kusomeka kwenye mita ya zamani kana kwamba yuko salama. Watengenezaji wa mita mpya wameongeza elektrodi zinazopitisha umeme wa kubadilika kwenye damu ileile, wakakadiria wingi wa chembe, kisha wakasahihisha jibu. Kwangu mimi, swali la kwanza la anayenunua mita za wadi ya watoto lingekuwa kama mita inasahihisha hivyo, bei ifuate.

Potasiamu na sodiamu hupimwa kwa njia tofauti. Hakuna enzaimu: kuna utando unaopendelea ayoni (atomu yenye chaji ya umeme) ya aina moja tu, na mashine inasoma volteji inayojengeka kati ya utando huo na elektrodi ya rejea. Potasiamu ikipanda kutoka 4 hadi 6 mmol/L, mabadiliko yanayoweza kusumbua moyo, volteji husogea kama milivoti 11 tu. Kukosea milivoti 1 ni kukosea jibu kwa takriban asilimia 4. Ndiyo maana katriji nyingi, yaani vifurushi vidogo vyenye vihisi vinavyochomekwa kwenye mashine, hubeba mfuko mdogo wa maji yenye vipimo vinavyojulikana: mashine inayasoma hayo kwanza, inajirekebisha, kisha ndipo inaigusa damu. Na hata hapo, ukikamua kidole kwa nguvu chembe nyekundu zitapasuka. Ndani ya chembe nyekundu kuna potasiamu zaidi ya mara 20 ya ile iliyo nje, kwa hiyo jibu litapanda bila mgonjwa kuwa na tatizo lolote.

Kwa nini basi tusipeleke damu maabara kubwa? Tunapeleka. Pikipiki za mfumo wa kusafirisha sampuli hutoka vituo vya afya hadi maabara kubwa, na kwa vipimo vingi mfumo huo unafaa sana. Lakini sukari haisubiri: damu ikiachwa na chembe zake kwenye chupa, hizo chembe zinaendelea kuila, karibu asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Sampuli ikishinda njiani, maabara itapima kilichobaki.

Usichanganye vihisi hivi na Matibabu, kifaa cha Brian Gitta kilichoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2018. Kile kinatafuta malaria kwa mwanga na sumaku bila kutoboa kidole. Hakuna elektrokemia ndani yake.

Watu hulalamika kwamba mita mbili zimetoa majibu tofauti kwenye kidole kimoja. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kwa mita za kujipima nyumbani kinaruhusu hilo: sukari ikiwa 5.55 mmol/L au zaidi, asilimia 95 ya majibu yawe ndani ya asilimia 15 ya kipimo cha maabara. Sukari ya 10 inaweza kusomeka 8.5 kwenye mita moja na 11.5 kwenye nyingine, na zote ziko ndani ya kiwango.

Kinachoua kihisi mara nyingi ni hali ya hewa. Enzaimu iliyokaushwa haipendi unyevu wala joto, na ndiyo sababu kopo la stripu lina dawa ya kukausha kwenye kifuniko au ukutani mwake. Kopo likiachwa wazi juu ya meza wakati wa mvua za Aprili, stripu zinaharibika kabla ya tarehe iliyoandikwa. Baadhi ya katriji za potasiamu na gesi za damu (kama oksijeni) zinataka friji kabisa, kwa hiyo kituo kisicho na umeme wa uhakika kinapopewa mashine ya aina hiyo, kiulize kwanza katriji zitalala wapi. Kiulize pia nani atazileta zikiisha, kwa sababu kwa kawaida mashine ya kampuni moja haisomi katriji ya nyingine.