Saa ya Kugeuka: Kutembea na Familia Majani Yanapopukutika

Familia au marafiki wakiniomba ushauri kuhusu matembezi ya msituni au mlimani msimu wa majani kupukutika, siwaulizi kwanza habari za viatu wala hema. Nawauliza: mtageuka saa ngapi? Wengi wanajua saa ya kuondoka na mahali pa kulia chakula. Saa ya kugeuka hawajaifikiria. Mimi kazi yangu ni kuongoza watu kwa miguu, na naamini kwa dhati kwamba katika msimu huu saa hiyo ipangwe hata kabla ya njia.

Sababu ni jua. Katika msimu huu, mchana na usiku hulingana tarehe 22 au 23 Septemba kwa walio kaskazini ya mbali, na 20 au 21 Machi kwa walio kusini, na siku hizo ndizo ambazo mchana hupungua kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote wa mwaka. Kwenye latitudo ya nyuzi 50 hivi, unapoteza karibu dakika 4 kila siku, nusu ya hizo asubuhi na nusu jioni. Kwa hiyo njia uliyoimaliza kweupe wiki tatu zilizopita, leo jua litakuzamia karibu robo tatu ya saa mapema. Zaidi ya hapo, saa ya machweo inayoonyeshwa na simu ni ya mahali palipo wazi. Bondeni, jua hupotea nyuma ya kilima mapema zaidi, na chini ya miti iliyosongamana mtu huanza kujikwaa kungali na mwanga nje ya msitu.

Kukadiria muda, bado natumia kanuni ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mita 600 za kupanda inatoka saa 3. Lakini hizo ni saa 3 za mtu mzima mwenye nguvu, asiyepumzika. Mkiwa na mtoto wa miaka sita na bibi yake, mimi huzidisha mara mbili, na sioni kwamba muda huo umepotea. Mtoto anayesimama kukusanya majani ndiye aliyeielewa safari.

Tuseme jua linazama saa 12 jioni. Nataka tuwe tumefika kwenye gari saa 11, ili ibaki saa nzima ya akiba. Tukianza saa 4 asubuhi, tuna saa 7, na katikati yake ni saa 7 na nusu mchana. Ikifika, tunageuka, hata kama kilele kiko pale mbele ya macho. Jambo hili nalisema kwa sauti kabla ya hatua ya kwanza, watoto wakisikia, maana huko juu kila mtu ana hamu ya kuendelea na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Tukikubaliana mapema, hakuna wa kulaumiwa.

Mwendo ni wa yule anayechoka upesi. Mweke karibu na mbele, si nyuma. Akiwa wa mwisho, wenzake watamngoja, naye akiwafikia tu wanaondoka. Wanaopumzika ni wale wasiohitaji kupumzika.

Baridi ya msimu huu hudanganya. Asubuhi kuna jua, watu wanatoka na fulana ya pamba. Ukipanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za selsiasi kila mita 1,000, na pamba iliyolowa jasho haikutunzii joto. Sufu hufaa zaidi, hata ikiwa na unyevu. Anza matembezi ukihisi kibaridi kidogo, kisha vaa sweta mara tu mnaposimama, usingoje kutetemeka. Watoto hupoteza joto haraka kuliko sisi, na anayebebwa mgongoni hatembei, kwa hiyo mvalishe zaidi yako. Mtu akianza kununa bila sababu, kudondosha vitu, kupepesuka au kusema maneno yasiyoeleweka, usimwambie ajikaze. Hizo ni dalili za mwili kupoa kupita kiasi. Mwondoe kwenye upepo, mbadilishe nguo zilizolowa, mpe kitu kitamu ikiwa anameza vizuri, asipewe pombe, na msaada uitwe.

Majani yaliyolowa huteleza na huficha mizizi na mawe, hasa wakati wa kushuka. Hatua fupi zinatosha.

Na rangi zenyewe? Wasimulieni watoto njiani. Klorofili, ile kijani, inavunjika, na manjano iliyokuwemo ndani ya jani tangu mwanzo inajitokeza. Nyekundu ni tofauti: miti mingi huitengeneza wakati huu huu kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, na hukolea zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa wa baridi isiyofikia kuganda.

Uyoga ni wa kutazama tu, isipokuwa mna mjuzi wa kweli. Kuna aina zinazoua ini, kupika hakuondoi sumu yake, na dalili huweza kuchelewa saa 6 au zaidi baada ya kula.

Kila mmoja awe na tochi ya kichwani, hata mtoto, kwani betri ya simu hushuka haraka kwenye baridi. Pale wawindaji wanaporuhusiwa, vaeni rangi ya chungwa inayong'aa. Na kabla ya kuondoka, mwachieni mtu nyumbani jina la njia, saa mnayotarajia kurudi, na saa ambayo asipowasikia aanze kupiga simu kuomba msaada.