Dakika 40 za Kipindi cha Mazoezi ni za Nani?

Alhamisi moja ya muhula wa kwanza niliingia uwanjani na saa ya kupimia mbio mfukoni. Sikuwa na mbio za kupima. Nilimchagua msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, bila yeye kujua, nikawa naiwasha saa kila anapotembea kwa kasi, anapokimbia, anaporuka au kurusha mpira, na kuisimamisha kila anapotulia. Kengele ilipolia nikaitazama: dakika 6 na sekunde chache. Kipindi kilikuwa cha dakika 40.

Kilichoniuma ni kwamba kwa macho yangu kipindi kile kilikuwa kimefana. Mpira ulichezwa, firimbi ililia, wavulana watano sita walitoka uwanjani wameloa jasho. Nimefundisha mazoezi ya viungo miaka mingi katika shule za huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, na siku ile ndipo nilipoona kwamba macho ya mwalimu hufuata anayekimbia. Aliyesimama hana kelele, na asiye na kelele huonekana hana shida.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka kila mtoto na kijana wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kwa siku za shughuli inayomfanya ahemeke, na angalau siku 3 kwa wiki afanye kazi ya kuimarisha misuli na mifupa. Uchambuzi wa watafiti wa shirika hilo uliotoka mwishoni mwa 2019, uliotokana na takwimu za wanafunzi milioni 1.6, ulionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho. Wasichana walikuwa asilimia 85, wavulana 78. Hapa Nairobi sababu ziko wazi. Mwanafunzi wa kutwa anapanda matatu kabla jua halijachomoza, anarudi giza likiingia, na ploti wanayokaa haina hata uga wa kuanikia nguo, sembuse wa kuchezea. Kwa wengi wao kipindi changu ndicho pekee katika wiki nzima ambapo mtu mzima anawaambia: kimbieni.

Kuhemeka kwenyewe hakuhitaji mashine. Mwambie mwanafunzi aongee nawe huku anakimbia. Akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, yuko kwenye kiwango cha wastani. Akitoa maneno mawili matatu kisha akatika pumzi, yuko kwenye kiwango kizito. Akikuimbia ubeti mzima, bado anatembea sokoni. Kanuni inayotumiwa na walimu wa somo hili katika nchi nyingi ni kwamba angalau nusu ya kipindi iwe kwenye viwango hivyo viwili. Kwangu mimi hiyo ni dakika 20, nami nilikuwa nimempa yule msichana 6.

Nilikaa na kalamu nikatafuta dakika nyingine zilikokwenda. Kubadili nguo na kuita majina vilikula karibu robo ya kipindi. Maelezo yangu, niliyoyaona mafupi, yalikuwa marefu. Kisha foleni: wanafunzi 25 nyuma ya koni moja, kila mmoja akingoja zamu ya kupiga danadana. Na mwisho mchezo wenyewe, ambao ndio mwizi mkubwa kuliko wote.

Ukiwa na wanafunzi 50 na mpira mmoja, ukachezesha kandanda ya 11 kwa 11, watu 28 ni watazamaji kabla firimbi haijalia. Katika wale 22 waliobaki, mpira unakaa miguuni mwa wale wale wanaoujua tayari. Beki asiyejiamini anajificha pembeni, na anajificha kwa ustadi kweli, anasogea sogea ili usimwone. Siku hizi nachora viwanja 6 vidogo, kama mita 20 kwa 15, kwenye nusu ya uwanja wetu. Wanne kwa wanne, bila kipa, magoli ni masweta. Hapo 48 wanacheza na 2 wanachezesha. Mkiwa wanne hakuna pa kujificha, mpira utakufikia tu, na hakuna atakayekucheka kwa sababu wenzako wote wana shughuli.

Mtu ataniuliza mipira 6 inatoka wapi. Shule ina mipira 2 ya gozi. Minne tumeitengeneza wenyewe kwa matambara na kamba ya katani. Sisi tuliokulia mitaani tulisokota mpira wa juala, lakini tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017 malighafi hiyo imeadimika, na nasema heri. Mpira wa matambara haudundi sana, kwa hiyo anayejifunza kuutuliza haumkimbii. Kwa mwanafunzi anayeanza ni bora kuliko gozi.

Kisha kuna mchezo wa kati. Kila msichana wa Nairobi anaijua: wawili wanasimama ncha mbili na mpira, wengine katikati wanakwepa, ukipigwa unatoka. Naipenda mno. Ina mbio za ghafla, kugeuka, kuinama, kuruka, na inatosha kwenye ukumbi wa paredi. Lakini itazame vizuri. Anayepigwa kwanza ni mzito, mzembe wa miguu, au mwenye haya. Yeye ndiye anayekwenda kuketi, huku mwepesi akibaki katikati akizidi kuwa mwepesi. Mchezo unamtoa kwanza yule anayeuhitaji zaidi. Nikabadili sheria moja tu: ukipigwa, unakwenda ncha kurusha, na aliyekuwa akirusha anaingia katikati. Hakuna anayeketi. Wanafunzi walilalamika wiki mbili kwamba sasa hakuna mshindi, kisha wakaanza wenyewe kuhesabu nani kakwepa mara nyingi mfululizo.

Muhula wa pili nilimpima tena msichana yule yule. Dakika 19.

Hata hivyo walibaki wasichana saba au wanane ambao kila wiki walikuwa na kikaratasi cha ruhusa au maumivu ya tumbo. Katika chumba cha walimu tuna jibu tayari: wasichana wakubwa hawapendi michezo. Nililiamini jibu hilo muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Siku moja niliwagawia vikaratasi visivyo na majina nikauliza swali moja: ni nini hasa kinakufanya uketi? Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba hapendi. Waliandika kwamba hawana sidiria inayobana vya kutosha na wavulana wanatazama. Kwamba wanabadilisha nguo darasani kwa kupokezana mlango. Kwamba wakitoka jasho hawapati nafasi ya kunawa, na baada ya hapo kuna vipindi viwili vya kukaa bega kwa bega. Mmoja aliandika kuwa amesukwa Jumapili kwa pesa ambayo mama yake hataitoa tena mwezi huu. Na hedhi, bila shaka. Mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa ili wasichana wa shule za umma wapewe sodo bila malipo, nami nashukuru, lakini sodo bila choo chenye mlango unaofungika haimpeleki mtu uwanjani.

Katika haya yote niliyoweza kuyagusa ni machache. Naruhusu suruali ndefu ya michezo ya rangi yoyote, na kitambaa kichwani. Kipindi cha mazoezi kimehamishwa kiwe kabla ya mapumziko, wapate kunawa. Kundi linalotaka kufanyia mazoezi upande wa nyuma ya maabara linakwenda huko, nami sina neno. Mwalimu mwenzangu wa kike ana mkoba wenye sodo na sidiria tatu za akiba, na hakuna anayeulizwa maswali.

Nasisitiza habari ya wasichana kwa sababu ya mifupa. Miaka ya ujana ndiyo mwili unapojiwekea sehemu kubwa ya uimara wa mifupa utakaoutumia hadi uzeeni, na mfupa hujijenga unapopigwa mshindo: kuruka, kutua, kukimbia na kugeuka. Kutembea hakutoshi. Msichana aliyeketi chini ya mti kwa miaka minne anapoteza akiba ambayo akiwa na miaka 40 hawezi kwenda kuichukua popote.

Lakini kumrukisha tu bila kumfundisha kutua ni hatari nyingine. Ndani ya goti kuna kano ya mbele inayozuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele. Wasichana wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka huikata mara nyingi kuliko wavulana wa michezo hiyo hiyo, na mara nyingi hakuna aliyewagusa. Mpira wa pete ndio unaoniogopesha. Sheria inamtaka mchezaji akishadaka mpira asimame papo hapo, mguu aliotua nao usipige hatua nyingine. Ametoka mbio, yuko hewani, anatua kwa mguu mmoja na mwili wote unataka kuendelea mbele. Goti likiwa limenyooka na likaanguka kuelekea ndani, hapo ndipo husikika ule mlio ambao mwalimu hausahau.

Dawa yake ni mafundisho, na ni ya bei rahisi. FIFA ina utaratibu wa kupasha misuli moto unaoitwa 11+, wa kama dakika 20, ambao katika tafiti umepunguza majeraha kwa theluthi na zaidi pale timu zinapoufuata kwa bidii. Sina dakika 20, kwa hiyo nachukua vipande: kukimbia taratibu na kufungua nyonga, kusimama kwa mguu mmoja mkisukumana mabega, kuchuchumaa, kisha kuruka na kutua. Kwenye kutua nasema maneno matatu tu kila wiki: tua kama paka. Magoti yamepinda, yako sawa na vidole vya miguu, na mshindo usisikike. Wanafunzi wenyewe husikiliza mshindo wa mwenzao na kumrudisha arudie. Ile desturi yetu ya kunyoosha misuli tukiwa tumesimama tuli, tukihesabu hadi kumi kwa sauti, nimeiacha mwanzoni mwa kipindi. Haipashi mwili moto.

Mwenye pumu naye acheze. Apashe mwili polepole zaidi, inhela yake iwe mfukoni mwangu na si bwenini, na siku za vumbi la Februari nimweke mbali na barabara. Na anayehamia kutoka Mombasa mpe wiki chache, kwa maana Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari na pumzi yake haijazoea.

Sasa habari ya timu ya shule. Naipenda timu yetu. Nimekesha na vijana hao tukirudi kutoka mechi za kaunti, nimelia nao. Ngazi ile ya kaunti ndogo, kaunti, mkoa, taifa hadi Afrika Mashariki imewafungulia wengi mlango wa karo na wa chuo. Lakini timu ni watu 18 katika shule ya mia kadhaa, nayo ina muda wake baada ya masomo. Kipindi cha mazoezi kikigeuzwa kuwa saa ya timu, hao wengine wamedhulumiwa. Na hata ukitaka vipaji, vipaji hutoka kwenye wengi. Ferdinand Omanyala, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 hapa Kasarani Septemba 2021 na kuweka rekodi ya Afrika, alitokea kwenye raga kabla ya kuingia riadha. Mguu wa mtu huonekana akipewa nafasi ya kuutumia kwa namna nyingi.

Tangu Januari 2026 Gredi ya 10 ya mtaala mpya imeanza sekondari pevu, na mojawapo ya njia tatu za kuchagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Hofu yangu ni kwamba tutasema wenye michezo wamekwenda njia yao, basi hawa wa sayansi waachwe wasome. Dalili zimeshaanza. Juzi mwenzangu alinisimamisha kwenye korido.

"Mwalimu, nigawie kipindi chako cha Alhamisi, hawa wana mtihani wa Hesabu."

"Na wewe utanigawia chako lini, Mwalimu?"

"Lakini changu ni Hesabu."

Ni rafiki yangu, tukaenda kunywa chai tukaongea. Nilimweleza kwamba shule zilipojaribiwa, muda ukatolewa kwenye masomo ya darasani ukapewa mazoezi, alama hazikushuka. Hakuniamini kabisa. Tukapatana: nisimpe kipindi, ila aje uwanjani wiki moja na saa yangu, achague mwanafunzi wake anayesinzia darasani, ampime.

Atakuja Alhamisi hii, saa 5:20 asubuhi. Mvua za masika zimeanza, na udongo mweusi wa huku ukilowa hunasa viatu, kwa hiyo tutakuwa kwenye ukumbi wa paredi na kamba. Nilinunua kamba ya nailoni soko la Gikomba, nikaikata vipande, nikachoma ncha zisifumuke. Kipimo ni hiki: mwanafunzi akanyage katikati ya kamba, ncha zimfikie kwapani. Kamba ni 25 na wanafunzi ni 50, mmoja anaruka sekunde 30 na mwenzake anasikiliza mshindo.