Faibagilasi Haitibu Ubao Mbichi

Malalamiko yanayozidi kutufikia yanafanana: boti imeundwa nyumbani, ikafunikwa faibagilasi nje na ndani, na muda si mrefu ngozi inabanduka na mbao za chini zimelainika. Wenye boti huilaumu rezini, yaani gundi inayogandisha faibagilasi. Sisi wakaguzi huanza na ubao.

Wengi huamini kwamba mti mgumu na ghali ndio bora. Kwa boti isiyofunikwa, mtiki una sifa zake. Kwa itakayofunikwa, mafuta yale yale yanayoukinga na maji huizuia gundi kushika. Mwaloni nao huvimba na kusinyaa kwa nguvu ya kuweza kupasua ngozi nyembamba. Mwerezi mwekundu, mwepesi na laini, hutulia na kushika epoksi (aina ya rezini) vizuri. Mkangazi pia unafaa. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado tunaletewa mtiki.

Kwa plaiwudi, tafuta ya baharini yenye kiwango cha Uingereza cha BS 1088. Muhuri peke yake usikutoshe: kagua ukingo, tabaka za ndani zisiwe na mapengo. Okume, mbao nyepesi ya Afrika, inaruhusiwa na kiwango hicho, lakini kwa asili haistahimili kuoza, hivyo kingo na kila tundu la skrubu vinyweshwe epoksi.

Unyevu tunaoukubali hauzidi asilimia 12. Asiye na kipimo cha unyevu cha umeme akate kipande katikati ya ubao, kwani miisho hukauka mapema. Akipime kwenye mizani, akiweke kwenye oveni yenye nyuzijoto 103, kisha akipime tena na tena hadi uzito ukome kushuka. Uzito uliopotea ugawanywe kwa uzito mkavu (si ule wa mwanzo, tafadhali), kisha uzidishwe kwa 100. Gramu 115 zikiishia 100, hiyo ni asilimia 15, juu ya kikomo. Mbao kama hizo zirudi kupangwa kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite.

Ukaguzi wetu hufanyika mbao zikiwa wazi. Boti ikiletwa imeshafunikwa, tutatoboa sehemu tutakazochagua sisi, gharama za kuziba ni za mwombaji, na cheti hakitolewi mpaka marudio ya ukaguzi yakamilike. Tunza masalia ya kila ubao, yakiandikwa ulikotumika: mkuku (uti wa chini wa boti), mataruma (mbao za ndani zinazoshikilia umbo) au ubavu. Mkaguzi akiyapata, huenda asihitaji kutoboa.